Simu Zisizotegemea Mnara: Nani Anaubeba Ujumbe Wako?

Mvua za masika zinapokata umeme na mnara wa simu ukazimika, wapo wananchi wanaotumia programu zinazoziwezesha simu kupeana ujumbe moja kwa moja kwa bluetooth. Simu yako huukabidhi ujumbe kwa simu ya jirani, nayo kwa iliyo mbele yake, hadi kumfikia mlengwa. Hakuna kituo kikuu kinachosimamia safari hiyo, na kwa kuwa watu hutembea, njia hubadilika kila mara. (Penye nyumba zilizotawanyika mnyororo huu hukatika mapema, kwani bluetooth ya simu haifiki mbali.)

Hatari ya kwanza ni ujumbe kusomwa njiani. Mwaka 2019 waandamanaji wa Hong Kong walitumia programu iitwayo Bridgefy. Agosti 2020 watafiti wa Royal Holloway, Uingereza, walibainisha kwamba ujumbe wake ungeweza kusomwa na wasiohusika, na watumiaji kufuatiliwa. Kinga yake ni usimbaji fiche, yaani kuufunga ujumbe ili simu ya mlengwa pekee iwe na ufunguo. Wabebaji wa katikati hupokea bahasha iliyofungwa.

Hatari ya pili ni ngumu zaidi, maana hata bahasha iliyofungwa yaweza kutupwa. Katika utaratibu mmoja wa mitandao ya namna hii, AODV, uliochapishwa mwaka 2003, kifaa huwauliza majirani: nani anaijua njia ya kwenda kwa fulani? Kisha hufuata jibu linaloonekana kuwa jipya zaidi. Kifaa chenye hila kikidai daima kwamba kinaijua njia hiyo, ujumbe humiminika kwake na kupotelea humo. Wataalamu hukiita shimo jeusi. Waandishi wa AODV wenyewe walikiri kwamba hawakuuwekea kinga maalumu. Zimebuniwa pia saini za kidijitali za kuthibitisha majibu ya njia.

Basi, kabla ya kuitegemea programu, soma maelezo yake uone kama inasimba ujumbe tangu kwa mtumaji hadi kwa mlengwa. Isiposema hivyo, usiitumie kwa habari za mgonjwa wala za fedha. Na taarifa ya mtu aliyezingirwa na maji isiachiwe simu pekee: tuma pia mtu, kwa miguu au kwa bodaboda, hadi ofisi ya mtendaji wa kata, wala usihesabu kwamba ujumbe umefika kabla hujajibiwa.