Ukuta wa Mwezi wa Saba

Mwezi wa saba, hapa Maji ya Chai, mlima hauonekani. Meru ina urefu wa zaidi ya mita 4,500 na iko palepale juu ya migomba yetu, lakini asubuhi ukungu huufunika mpaka ukagusa mapaa ya nyumba, na majani yanadondosha maji hata kama hakuna anayeweza kusema mvua imenyesha. Watu wanatembea wamejikunyata ndani ya masweta ya mitumba yaliyonunuliwa soko la Tengeru, mikono kwapani, boshori hadi kwenye nyusi. Palizi ya mahindi ya masika imekwisha siku nyingi na mavuno bado kidogo. Mwanzoni mwa mwezi wanafunzi bado wako likizo. Katika pengo hilo dogo la mwaka ndipo kazi za pamoja za kijiji huwekwa, na hapo ndipo nilipokuta watoto wakiingia kwenye uwanja wa shule yao ya msingi, kila mmoja na jiwe moja.

Jiwe la mtoni, jeusi, la kadiri ya nguvu za mbebaji. Wa darasa la pili alikuja na la ukubwa wa embe. Wa darasa la saba alilibeba lake begani juu ya kata ya kitambaa. Walimu nao walikuja na mawe. Mwalimu mkuu alilisukuma lake kwenye toroli, na hakuna aliyemcheka, maana ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote.

Walikuwa wanajenga baraza. Ukuta mfupi wa mawe, kimo cha magoti, umepinda nusu duara kuuzunguka mringaringa mkubwa ulioko pembeni ya uwanja, ili watu wakae juu yake na katikati pawe pa ngoma, maigizo na mikutano ya wazazi. Upande wa nje ungepigwa lipu na kupambwa kwa vipande vya vigae na michoro ya watoto. Ni kazi ya sanaa, ndiyo, lakini ukimuuliza mtu wa hapa anajenga nini atakujibu: tunajenga pa kukaa.

Niliuliza kwa nini wasingoje jua la mwezi wa kumi. Fundi mwashi, mzee aliyestaafu ujenzi mjini Arusha, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu. Jua kali hukausha saruji kabla haijashika, akasema, ikapasuka. Inabidi uimwagilie asubuhi na jioni kwa siku saba, na maji hayo nani atayabeba? Baridi hii inaimwagilia bure. Jioni watoto walifunika kazi ya siku kwa magunia na majani makavu ya migomba, na asubuhi walipoyafunua, saruji ilikuwa na unyevu, imeshika, ina rangi ya kijivu iliyokolea. Rangi za michoro ndizo zinazogombana na ukungu. Hizo zingengoja ukuta ukauke vizuri, pengine mpaka mwezi wa tisa, na hakuna aliyekuwa na haraka nazo.

Kuna dakika chache pale ambazo nimezibeba hadi leo. Mwalimu mmoja kijana, mgeni wa mkoa huu, alikuwa akipiga lipu na kila akiibandika inaanguka. Msichana wa darasa la sita, ambaye baba yake ni fundi, alisimama pembeni akamtazama kwa muda. Kisha akasema, “Mwalimu, shikamoo. Naomba nikuonyeshe.” Mwalimu akaitikia marahaba, akampa mwiko. Mtoto akalowesha kwanza mawe kwa ufagio uliochovywa kwenye ndoo, akachota saruji kidogo, akaitupa kwa kifundo cha mkono badala ya kuisukuma. Ikashika. Mwalimu akarudia, ikashika. Waliendelea hivyo, mwanafunzi akifundisha na shikamoo ikibaki mahali pake, mpaka chai ilipoletwa.

Kaskazini hii tuna neno la kazi ya namna hiyo, msaragambo, ambalo jirani zetu Wapare na Wachaga wanalitumia na sisi tumelizoea. Taratibu zake zinajulikana hata bila kuandikwa. Kila kaya inatoa mtu. Asiyeweza kubeba anapika. Asiyefika bila udhuru anatozwa faini, na faini hiyo inarudi kwenye kazi. Hakuna ujira, lakini hakuna anayerudi nyumbani na njaa: siku ile akina mama walileta loshoro, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa yakaiva, yakachanganywa na maziwa ya mgando, na chai ya tangawizi kwenye sufuria ambayo watu wawili ndio walioweza kuiinua. Walimu na wanafunzi walizunguka moto mmoja.

Zamani utaratibu huu ulikuwa wa lazima kwa sababu iliyo wazi. Nyumba ya asili ya mlimani ilikuwa ya mviringo, imeezekwa kwa majani, na paa lililoanzwa lazima limalizike kabla mvua haijaingia. Mtu mmoja na mkewe hawaliwezi. Majirani walikuja, na wewe ulikuwa na deni la kwenda kwao. Nyumba hizo zimekwisha, tunaishi chini ya mabati, lakini deni lile halikwenda na nyasi.

Lilionekana wazi kabisa mwaka 1951, Waingereza walipowahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Nyumba zilichomwa moto. Wameru walijibu kwa mchango: shilingi kwa shilingi, kaya kwa kaya, mpaka wakapata nauli ya kumpeleka mwenzao Kirilo Japhet akaitetee ardhi hiyo Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952, miaka mitatu kabla Nyerere hajasimama huko. Alikwenda na wakili Earle Seaton, mtu mweusi kutoka Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Watoto waliokuwa wakibeba mawe siku ile ni vitukuu vya wale waliochanga, na sioni tofauti kubwa kati ya shilingi ile na jiwe hili.

Seaton hakuwa mtu mweusi wa mwisho kuja kutoka ng’ambo ya bahari akashikwa na mlima huu. Ukiingia upande wa Imbaseni utakuta kituo kinachoitwa United African Alliance Community Center, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Pete O’Neal na mkewe Charlotte, ambaye wengi tunamwita Mama C. Wote wawili walikuwa wanachama wa Black Panther katika Kansas City, Marekani. Walitoroka nchi yao baada ya Pete kushtakiwa kwa kosa la bunduki, wakapitia Algeria, wakafika Tanzania mwaka 1972. Mama C ni mshairi, mwanamuziki na mchoraji. Kuta za kituo kile zimejaa michoro, na vijana wa vijijini wamejifunza hapo Kiingereza, kompyuta, muziki na sanaa, katika uwanja ambao wenyeji wake wameujenga chumba kwa chumba. Mtu anayepita hapo anaona rangi. Mimi naona wageni walioelewa mapema kwamba hapa huwi jirani kwa kununua shamba. Unakuwa jirani kwa kujenga kitu ambacho mtoto wa mwenzako anaweza kuingia.

Nasema hivi kwa sababu nimeona pia kazi za namna nyingine. Wageni huja mwezi huuhuu wa saba, kwao ni kiangazi, wanashuka na kaptula na kuanza kutetemeka. Wana moyo mzuri. Wananunua rangi, wanachora simba na jua kwenye ukuta wa darasa kwa wiki mbili huku wanafunzi wakitazama dirishani, wanapiga picha, wanaondoka. Masika mawili baadaye simba amebanduka nusu ya uso na hakuna anayeshika brashi kumrudishia, kwa kuwa hakuna aliyeambiwa simba yule ni wake. Mgeni akaribie, tena sana. Lakini aje na jiwe lake, alowe, ale loshoro, na aulize kabla ya kuchora.

Wapo pia wanaoona vibaya watoto kubebeshwa mawe, na hawakosei kabisa. Elimu ya Kujitegemea, aliyoiandika Nyerere mwezi Machi 1967, iliitaka shule iwe sehemu ya maisha ya kijiji, mwanafunzi na mwalimu walime pamoja na waamue pamoja. Lakini katika shule niliyosoma mimi, jiwe lilikuwa adhabu: ukichelewa, nenda mtoni ulete matatu. Mwalimu alibaki kivulini na fimbo. Mawe yale yalijenga kitu nyumbani kwa mtu na sijawahi kukaa juu yake. Tofauti ya adhabu na mchango haiko kwenye uzito. Iko kwa yule mwalimu mkuu na toroli lake.

Siku ya kuchagua michoro, watoto walikaa chini na makaratasi. Mvulana mmoja alikuwa amechora uso wa mama yake akicheka. Alipofika kwenye meno, akaacha kalamu nyeupe na kuchukua ya kahawia. Maji yetu, yale yenye rangi iliyolipa jina eneo letu, hubeba floraidi nyingi kutoka kwenye miamba ya volkano ya Meru, nayo huyatia meno rangi ya kahawia; kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vyetu vingi vinazidi hapo mara kadhaa. Hapa jirani, Ngurdoto, kuna kituo cha utafiti kinachosafisha maji kwa mkaa wa mifupa ya ng’ombe. Wengi wetu tulikua tukifunika mdomo kwa kiganja tunapocheka mbele ya watu wa mikoa mingine. Mwalimu aliuangalia mchoro ule kimya kwa muda mrefu, halafu akauweka juu ya ile iliyochaguliwa. Mwezi wa tisa utapanda ukutani, na vipande vya vigae vya kahawia vimeshatengwa kwenye ndoo.

Jumamosi ya mwisho wazazi waliitwa kuona. Ukungu ulikuwa haujainuka. Bibi mmoja, shuka limemzunguka mabega, alikuja ameshikwa mkono na mjukuu wa darasa la pili, yule wa jiwe la ukubwa wa embe.

“Lako ni lipi, baba?”

Mtoto alipiga magoti akapita ukuta mzima, akipapasa jiwe kwa jiwe, mpaka akalipata moja lenye mstari mweupe katikati, karibu na ncha.

“Hili hapa, bibi.”

Bibi akakusanya shuka lake, akageuka polepole, akakaa juu yake.