Nepi za kitambaa: tushone wenyewe, tulinde mtoto na feza ya mavuno

Mvua zikianza Kamina mwezi wa 10, wamama wote wako shambani. Mahindi hayangoji, karanga hazingoji. Mtoto anabebwa mgongoni toka asubuhi mpaka jioni, na kule shambani hakuna duka. Ndiyo maana toleo hili linazungumza juu ya kitu ambacho wengi wanakiona kidogo: nepi za kitambaa tunazoweza kushona wenyewe.

Kwanza tufanye hesabu. Mtoto anayetumia kushi za duka 4 kwa siku anamaliza 120 kwa mwezi. Chukua bei ya kushi moja pale sokoni kwako, zidisha mara 120, halafu linganisha na bei ya gunia lako la mahindi. Kila mama atapata jibu lake. Tena kushi ya duka ikitupwa haiozi yote, kwa sababu ndani yake mna plastiki. Mbwa wanaivuta, mvua inaipeleka mtoni, na mwaka ujao jembe linaikuta katika shamba la mihogo.

Kuchagua kitambaa

Kitambaa kizuri ni pamba. Shuka za zamani, taulo, fulana na vikwembe vilivyochakaa vinafaa sana, maana vimefuliwa mara nyingi na vimekuwa laini. Ukinunua nguo za tombola, pima hivi: dondosha tone la maji juu yake. Likiingia mara moja, kitambaa kinanyonya. Likiteleza, kiache. Unaweza pia kuchoma uzi mmoja: uzi wa pamba unatoa majivu na harufu ya karatasi inayoungua, lakini nailoni inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kikwembe kipya kifuliwe mara tatu ama nne kabla ya kukatwa, ili dawa ya kiwandani itoke.

Kukata na kushona

Shuka ya mita 1.80 kwa mita 2.40 inatoa vipande 12 vya sentimita 60 kwa 60. Fanya hivi:

1. Kunja ukingo mara mbili pande zote nne, ushone. Kama hakuna mashini, sindano ya mkono inatosha, lakini mishono iwe karibu-karibu.

2. Kata taulo kipande cha sentimita 15 kwa 35. Huu ndio ulimi unaonyonya mkojo. Uushone upande mmoja tu, katikati ya nepi. Ukiushona pande zote, hautakauka haraka wakati wa mvua.

3. Shona kamba za kitambaa kwenye pembe mbili, kila moja sentimita 30. Kamba ni salama kuliko pini. Anayetumia pini aweke vidole vyake kati ya pini na ngozi ya mtoto wakati wa kufunga.

Kuvalisha, kunja nepi iwe pembetatu, ulimi ukae katikati. Pembe ya chini ipite kati ya miguu, pembe mbili zizunguke kiuno, halafu funga bila kubana tumbo. Usifunike na mfuko wa plastiki: joto linabaki ndani na ngozi inatoka vipele.

Nepi ngapi zinatosha? Mtoto mchanga anaweza kubadilishwa mara 8 hadi 10 kwa siku. Kama unafua kila siku, nepi 18 zinatosha kiangazi. Wakati wa mvua ongeza zifike 24, ju zinachelewa kukauka.

Kufua: hapa ndipo penye hatari

Wazazi wengi wanafikiri kinyesi cha mtoto hakina shida. Kina shida. Kinabeba magonjwa sawa na cha mtu mkubwa. Jimbo letu la Haut-Lomami linajua kolera vizuri, hasa upande wa maziwa na mto Lualaba. Kwa hiyo kinyesi kimwagwe chooni, na maji ya kwanza ya kusuuza nepi yamwagwe chooni pia. Usifulie nepi kwenye kijito, hasa juu ya mahali watu wanapochota maji ama wanapolowesha mihogo ya bukari. Nepi ziwe na beseni lake, lisilotumika kwa vyombo. Fua na sabuni na maji ya moto, suuza mpaka povu liishe, halafu nawa mikono na sabuni. Sabuni ikibaki kwenye kitambaa, inachoma ngozi ya mtoto.

Kisha kuanika. Kuna aina ya nzi anayetaga mayai kwenye mchanga wa kivulini na kwenye nguo mbichi, hasa zenye harufu ya mkojo. Mayai yanatoa mabuu madogo sana, na mabuu hayo yanaingia katika ngozi ya mtoto yakigusa. Baada ya siku chache unaona jipu lenye tundu dogo katikati. Usilikamue kwa nguvu. Paka vaselini nene juu ya tundu ili buu likose hewa, na lisipotoka peleka mtoto kituo cha afya.

Kumkinga mtoto si kazi ngumu. Anika nepi juu ya kamba, katika jua kali, kamwe si chini wala kwenye majani. Zikikauka, zipige pasi ya makala pande zote mbili, na pasi ipite polepole juu ya mishono na ulimi, maana humo ndimo mayai yanajificha. Joto la pasi linayaua. Usimvalishe mtoto nepi iliyobaki na unyevu.

Kazi ya koperative

Mama mmoja peke yake anashona nepi za mtoto wake. Wamama kumi wanaweza kufungua kazi. Likelemba inaweza kununua shuka nyingi kwa pamoja na uzi wa jumla, na mwenye mashini akashona kwa zamu. Andikeni daftarini kila kitu: bei ya kitambaa, uzi, makala ya pasi, na saa za fundi. Gawanyeni jumla kwa idadi ya nepi, ndipo mjue bei ambayo haiwapi hasara. Wanaojifungua ndio wanunuzi wa kwanza, kwa hiyo ongeeni na wakunga wa kituo chenu.

Wababa nao wasikae pembeni. Kuchimba choo, kufunga kamba ya kuanikia na kuleta maji ni kazi zao pia. Kiangazi, kabla ya mashamba kutuita tena, ndicho kipindi kizuri cha kushona. Katika mkutano ujao, kila mmoja alete shuka moja ya zamani na mkasi. Tuanze.