Kwa Nini Gia Inalia Mashine Ikiwa Tupu

Msomaji wetu mmoja wa Shumba, Pemba, anayeuza maji ya miwa, ameniletea swali tamu. Mashine yake ina mota iliyofungwa moja kwa moja kwenye gia. Ikizunguka tupu, gia hutatarika kama kokoto ndani ya kopo. Akitia muwa, kimya. Fundi kamwambia gia imekwisha, anunue nyingine. Mimi naona gia iliyokwisha ingelalamika zaidi ikibebeshwa kazi. Hii inalalamika ikiwa imepumzika!

Gia ni nini mnajua, sisemi. Twende kwenye mota.

Umeme wa Pemba, ambao tangu mwaka 2010 huvuka kutoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari, hukamilisha mawimbi 50 kila sekunde. Kila wimbi lina vilele viwili, kimoja cha kwenda na kimoja cha kurudi. Mota ya fezi moja, hizi za umeme wa majumbani, husukuma kwa nguvu kwenye kilele na kulegea baina ya vilele. Kwa macho inazunguka sawasawa, kumbe inasukuma na kulegea mara 100 kwa sekunde.

Na baina ya meno ya gia pana upenyo, pengine unene wa karatasi tu. Mafundi huuita plei, na lazima uwepo, mafuta yapate pa kupita.

Sasa mtazame ng'ombe na gari lake kwenye njia ya mawe. Pini inayoshika gari imelegea tunduni. Gari likiwa tupu, ng'ombe akivuta, pini inagonga mbele. Akisita, gari jepesi linamfuata, pini inagonga nyuma. Ko-ko-ko njia nzima. Mpakilie magunia ya muhogo. Ng'ombe ni yuleyule na kusita kwake ni kulekule, lakini mzigo unamvuta nyuma wakati wote, pini imebanwa upande mmoja, haina pa kwenda. Ng'ombe ni mota, tundu ni plei, na muwa ndio magunia.

Shafti inayopeleka msukumo wa mota kwenye gia nayo haikai kimya. Vitabu huuita mwendo wake "mtetemo wa msokoto", jina ambalo haliniridhishi. Msokoto ni jambo lililokwisha, kamba imeshasokotwa imetulia. Akina mama wanaosokota kamba za usumba wanajua kwamba ukiiachia, inasokotoka. Shafti hufanya yote mawili, bila kukoma. Mimi nauita mtetemo wa sokota-sokotoka. Jina ni refu, lakini linabeba kwenda na kurudi. Kila shafti ina kasi yake ya kusokotoka, na misukumo ikiangukia kwenye kasi hiyo, msokoto hukua. Mwaka 1902 mhandisi Hermann Frahm wa Hamburg alionyesha kwamba hivyo ndivyo shafti za meli zinavyoweza kuvunjika.

Kupima ni rahisi. Endesha mashine tupu, mikono ya kanzu iwe mbali. Weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kasha la gia, mpini uugandamize sikioni. Mwenzako azime swichi. Kelele ikikatika papo hapo, hali rola za kukamulia muwa bado zinazunguka, msukumo wa umeme ndio uliokuwa ukigonganisha meno. Ikiendelea na kupungua taratibu pamoja na rola, tafuta jino lililovunjika au beringi iliyochoka. Jino bovu hugonga mara moja tu kwa kila mzunguko. Kwenye gia ya mota ya kawaida ni kama mara 24 kwa sekunde, na sikio lililozoea hulitambua.

Ikiwa ni umeme, dawa ni kapulingi ya mpira baina ya mota na gia, au mkanda. Vyote humeza msukumo. Mota ya fezi tatu haina shida hii, kwa kuwa fezi zake hupokezana.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Shumba, usinunue gia mpya kabla hujazima swichi ukasikiliza.