Protini za Utando wa Vijifuko vya Insulini na Upambanuzi wa Kisukari kwa Vijana: Umuhimu wake kwa Songea, Mkoani Ruvuma

Kijana anapogunduliwa kuwa na kisukari mjini Songea, daktari hukabiliwa na swali la msingi: je, kinga ya mwili wa kijana huyo ndiyo iliyoshambulia seli zinazotengeneza insulini? Jibu hutafutwa katika damu, ingawa chimbuko lake limo katika utando wa vijifuko vinavyohifadhi homoni hiyo.

Seli beta za kongosho huhifadhi insulini katika maelfu ya vijifuko. Protini zilizopachikwa katika utando wa kila kijifuko hugawana kazi. Baadhi ni pampu zinazoingiza protoni na kuongeza uasidi wa ndani, hali inayoviwezesha vimeng'enya kukata proinsulini kuwa insulini. ZnT8 huingiza zinki, na ioni mbili za zinki hushikamanisha molekuli sita za insulini. IA-2, inayopenya utando mara moja tu, huchangia uthabiti wa vijifuko. Glukosi inapopanda, utando wa kijifuko huungana na utando wa seli. Insulini humwagika, nazo protini hizo hufika kwenye uso wa seli.

Katika kisukari aina ya kwanza kinachotokana na kinga, waharibifu wakuu wa seli beta ni seli T. Kingamwili dhidi ya IA-2 na dhidi ya ZnT8, iliyotambuliwa kuwa shabaha mwaka 2007, ni alama za shambulio hilo. Hupimwa pamoja na kingamwili dhidi ya kimeng'enya GAD.

Hata hivyo, alama hizo hazionekani kwa wagonjwa wote. Utafiti wa YODA, uliochapishwa mwaka 2025, ulihusisha washiriki 894 wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini waliokuwa wametambuliwa kuwa na kisukari aina ya kwanza wakiwa vijana. Takribani asilimia 65 hawakuwa na kingamwili yoyote kati ya hizo tatu, ilhali walikuwa na upungufu wa insulini.

Kwa hiyo, majibu hasi ya kingamwili yanaonesha tu kwamba dalili ya shambulio la kinga haikupatikana; hayathibitishi kwamba kongosho bado linatoa insulini ya kutosha. Kumwachisha kijana wa Songea sindano za insulini kwa kigezo hicho pekee kunaweza kuhatarisha maisha yake. Kipimo cha C-peptaidi, kinachoakisi insulini inayotengenezwa na mwili wenyewe, pamoja na historia ya mgonjwa, ndivyo vinavyopaswa kuongoza uamuzi huo.