Fangasi Katika Mapafu Yaliyopona Kifua Kikuu

Aspergillus fumigatus ni fangasi anayestawi kwenye mboji, majani yanayooza na nafaka iliyohifadhiwa ikiwa mbichi. Mbegu zake zina upana wa mikroni 2 hadi 3 tu, hivyo huelea hewani na kufika ndani kabisa ya mapafu. Kila mtu huzivuta kila siku, na kinga ya mwili huzimaliza kimyakimya. Zikikuta tundu lililoachwa na kifua kikuu (TB), mambo hubadilika: tundu lina hewa, ukuta wake umejaa makovu, na kinga haifanyi kazi humo ipasavyo. Fangasi hujishikiza hapo na kuendelea kuharibu pafu kwa miezi, hata miaka.

Mgonjwa hukohoa, hukonda, huchoka na kuishiwa pumzi. Wengine hukohoa damu, mara nyingine nyingi kiasi cha kuua. Kwa kuwa dalili hizi zinafanana mno na za TB, wagonjwa wengi huanzishiwa upya dawa za TB hata pale makohozi yanapoonyesha kuwa hawana bakteria wake. Huo ni mzigo usio wa lazima, na wakati huohuo ugonjwa wa fangasi wenyewe unasonga mbele. Utafiti uliofanyika Gulu, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha mahali pa kuutafuta: kati ya watu waliowahi kutibiwa TB, asilimia 26 ya waliokuwa na matundu kwenye eksirei walikuwa na maradhi haya ya fangasi, dhidi ya asilimia 0.8 ya wasio na matundu.

Utambuzi hautegemei kipimo kimoja. Dalili ziwe zimedumu angalau miezi 3, na TB hai pamoja na saratani vitafutwe. Eksirei huweza kuonyesha tundu lenye ukuta mnene, na picha zikirudiwa tundu huonekana likipanuka. Wakati mwingine ndani yake kuna donge la fangasi, na juu ya donge hewa hujichora kama hilali. Mgonjwa akigeuzwa alale kifudifudi, donge nalo huhama. Skani ya CT huyaona haya mapema na kwa uwazi zaidi.

Kipimo chenye uzito mkubwa ni cha damu, kinachotafuta kingamwili aina ya IgG dhidi ya Aspergillus. Kuotesha makohozi maabara husaidia, lakini majibu yake yasomwe kwa tahadhari: fangasi anaweza kuota kwa mtu asiyeugua, na asiote kabisa kwa anayeugua.

Tiba ya kawaida ni itrakonazoli, kwa miezi 6 au zaidi. Rifampisini, dawa kuu ya TB, hushusha sana kiwango cha itrakonazoli katika damu. Kwa hiyo jibu la TB lipatikane kwa uhakika kabla ya tiba kuanza, kwa sababu dawa hizo mbili haziendi pamoja.