Kuvu Katika Kuta za Mawe

Mtu akitoka Magomeni, akapita Kariakoo na kuendelea hata bandarini, atalikuta jengo liitwalo Boma la Kale. Lilijengwa zamani za Sultani Majid bin Said, yapata mwaka 1866. Kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa. Limevumilia masika zaidi ya mia na hamsini. Lakini nyumba za namna hii zina adui aziviziaye daima, naye ni kuvu.

Kuvu ni nini? Ni kitu chenye uhai. Mbegu zake ni ndogo mno, hazionekani kwa macho, nazo huchukuliwa na upepo. Zikianguka mahali pakavu hulala tu; zikipata unyevu huota, zikafanya madoa meusi ukutani. Kwa hiyo atakaye kuondoa kuvu, yampasa kwanza kuondoa maji.

Maji huingia namna gani? Mengine hushuka kutoka paa livujalo, na mengine hupanda kutoka ardhini. Simamisha kipande cha chaki katika maji machache, nawe utaona maji yakipanda. Ndivyo yapandavyo katika jiwe la matumbawe, kwa kuwa lina vitundu vingi.

Wazee walilijua jambo hili. Walichoma matumbawe wakapata chokaa, wakaichanganya na mchanga, wakapiga lipu. Lipu ya chokaa ina vitundu kama jiwe lenyewe, hata maji yaliyoingia ukutani hutoka tena jua liwakapo. Tena chokaa mbichi ni kali, wala kuvu haioti juu yake upesi.

Siku hizi mafundi wengine hupaka saruji, wakidhani kwamba kilicho kigumu ndicho bora. Kumbe saruji huyafungia maji ndani. Kuvu huzidi, lipu hubambuka, na boriti zilizopachikwa ukutani huoza.

Kutojali nyumba ya kale kuna hatari. Huko Unguja, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 lililokuwa limechakaa kwa miaka mingi, ilianguka, na watu wawili wakafa.

Basi, mtunza nyumba ya mawe na atazame kwanza paa na mifereji, afungue madirisha upepo upite, asugue kuvu kwa brashi iliyoloweshwa, kisha apake chokaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa ukuta wa chokaa huzibwa kwa chokaa.