Houston: Mji Uliosahau Njia ya Maji

Mwanafunzi wangu mmoja wa jiografia aliwahi kuniuliza swali lililonifunga kinywa: iweje mji tajiri kama Houston, jimboni Texas, ukazama majini kama kijiji kisicho na mwenyewe? Nilimwomba siku moja ya kujiandaa. Jibu langu nalitoa hapa kwa manufaa ya walimu wenzangu na wanafunzi wao.

Mji huo ulianzishwa mwaka 1836 na ndugu wawili, Augustus na John Allen, kando ya kijito cha Buffalo Bayou, penye uwanda tambarare na udongo wa mfinyanzi usionyonya maji upesi. Mnamo 1900 ulikuwa na wakazi wapatao 44,600 tu. Mwaka huo tufani iliangamiza Galveston, bandari iliyokuwa mshindani wake. Mwaka uliofuata mafuta yakafoka Spindletop, karibu na Beaumont. Mfereji wa meli ulipofunguliwa mwaka 1914, Houston ikawa bandari kuu ingawa iko mbali na bahari. Sensa ya 2020 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.3, katika eneo lipitalo mara mbili ukubwa wa Nairobi.

Wako wanaodai kwamba kiini cha balaa ni wapiga kura walioikataa mara tatu, mwaka 1948, 1962 na 1993, sheria ya kutenga maeneo ya makazi, viwanda na biashara. Mimi naona kosa liko kwingine.

Baada ya mafuriko ya 1929 na 1935, serikali ilijenga mabwawa ya Addicks na Barker magharibi mwa mji. Aghalabu huwa makavu. Kazi yake ni kuzuia maji ya mvua kubwa kwa muda. Hata hivyo, serikali haikununua ardhi yote ambayo maji yangeweza kuifikia. Mji ulipotanuka, ardhi hiyo ikajengwa mitaa, na sehemu kubwa ya mbuga za nyasi na mashamba ya mpunga ya Katy ikafunikwa kwa lami na saruji.

Agosti 2017 tufani Harvey ilimwaga, kwa siku chache, zaidi ya milimita 1,000 za mvua katika baadhi ya sehemu. Mabwawa yakafurika, maji yakarudi nyuma hadi vyumbani mwa watu. Wengi hawakuwa wakijua kwamba walikuwa wakilala ndani ya bwawa. Mwaka 2019 mahakama iliamua kwamba serikali ya Marekani iliwajibika kwa hasara hiyo.

Wahenga walinena kwamba maji hufuata mkondo. Wahandisi waliujua mkondo huo. Mnunuzi wa nyumba hakuambiwa. Ndiyo maana nilimjibu mwanafunzi wangu hivi: utajiri haukuikinga Houston kwa sababu ramani ilibaki kabatini. Basi tusifundishe jiografia kwa ajili ya mtihani tu. Asiyeweza kusoma ramani atauziwa mto, naye atadhani amenunua kiwanja.